Mchezaji raga aliyefia vita vya reli yetu

Ndugu msikilizaji, nikikuambia kwamba leo nitazungumza juu ya raga kutokea Kaliua, utanicheka, na utakuwa na haki. Raga na Kaliua wapi na wapi? Kijana wa hapa akimaliza kazi jioni hutafuta kiwanja cha kandanda. Ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, wa watu 15 kila upande wanaoshikana viunoni na kusukumana vichwa vimeinama, twausikia redioni tu, hasa pale Afrika Kusini inapotwaa Kombe la Dunia. Mchezaji ninayemtaja leo hakufika Kaliua. Lakini vita vilivyomwua vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vita vya kugombea reli hii inayopita mbele ya nyumba zetu.

Ukitoka Tabora kwa treni kwenda Kigoma unapita Usoke, unapita Urambo kwa Mirambo, kisha unafika Kaliua ambako tawi moja linakata kwenda Mpanda. Tawi hilo lilijengwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Reli yenyewe ni ya Mjerumani. Ilifika Tabora mwaka 1912 na ikafika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Naomba uishike miaka hiyo miwili.

Mwaka huo wa 1912, wakati mafundi walipokuwa wakiendelea kutandika mataruma kuelekea magharibi, timu ya raga ya Afrika Kusini ilipanda meli kwenda Uingereza. Miongoni mwa wachezaji alikuwamo kijana wa Somerset West, mji mdogo karibu na Cape Town. Jina lake Jan Willem Hurter Morkel, wenzake wakimwita Jackie. Alizaliwa tarehe 13 Novemba 1890. Alicheza nafasi ya kati katika safu ya nyuma, yaani mahali pa mtu mwenye mbio na jicho la kuona upenyo. Ukoo wake ulikuwa kama kiwanda cha wachezaji: akina Morkel 10 waliichezea Afrika Kusini katika miongo mitatu ya kwanza ya karne iliyopita, na katika safari hiyo moja walikuwapo wanne. Mmoja wao, Gerhard, alikuwa ndugu wa Jackie wa tumbo moja. Mwingine, Douglas, alikuwa bingwa wa kupiga adhabu.

Tarehe 23 Novemba 1912, siku kumi baada ya kutimiza miaka 22, Jackie Morkel aliingia uwanjani mjini Edinburgh kucheza na Scotland. Wakashinda kwa pointi 16 kwa bila. Wiki moja baadaye walikuwa Dublin, na huko Waairishi walipata kipigo ambacho wazee wao walikisimulia kwa muda mrefu: 38 kwa bila. Katika raga, mchezaji akivuka mstari wa mwisho wa wapinzani na kuuweka mpira chini, hiyo huitwa trai, na enzi hizo trai moja ilikuwa pointi tatu. Afrika Kusini walipata trai 10 siku ile, mbili kati yake za Jackie. Wales waliwabana zaidi. Mechi ya Cardiff iliisha 3 kwa bila, kwa adhabu moja ya Douglas.

Halafu ikaja mechi kubwa. Tarehe 4 Januari 1913 walikutana na Uingereza kwenye uwanja wa Twickenham, London. Waingereza walikuwa hawajapata kufungwa hapo tangu uwanja ufunguliwe. Wao ndio walioanza kupata trai, kupitia kwa Ronald Poulton, kijana aliyesifiwa kwa kukimbia huku akiyumba kama mlevi hata mlinzi asijue amkamate upande gani. Jackie Morkel akasawazisha kwa trai yake, Douglas akaongeza adhabu mbili, na mchezo ukaisha 9 kwa 3. Wiki iliyofuata waliwafunga Wafaransa 38 kwa 5 mjini Bordeaux. Timu hiyo ikawa ya kwanza kutoka Afrika Kusini kuwashinda Waskochi, Waairishi, Wawelisi, Waingereza na Wafaransa katika safari moja. Jackie alicheza mechi zote tano, na hazikuongezeka nyingine. Maisha yake yote ya raga ya kimataifa yalianza na kwisha katika wiki saba.

Hapa sina budi kusema jambo moja ili tusiipambe hadithi. Timu ile ilikuwa ya Wazungu watupu. Si kwamba watu weusi na machotara wa Cape hawakuujua mchezo. Vilabu vyao vilikuwapo tangu karne ya 19, na tayari mwaka 1897 walikuwa na chama chao. Ila mlango wa timu ya taifa ulifungwa, na haukufunguka kwa mchezaji asiye Mzungu hadi Errol Tobias alipochaguliwa mwaka 1981. Kwa hiyo tunapomsifu Morkel kuwa mmoja wa bora wa nchi yake, tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya nchi yake haikuruhusiwa kushindana naye.

Mwezi Agosti 1914 vita vikalipuka Ulaya, na Waingereza na Wajerumani wakavileta hadi huku. Majeshi ya Afrika Kusini yaliiteka kwanza koloni ya Wajerumani iliyo leo Namibia. Ilipofika mwanzoni mwa mwaka 1916 maelfu ya askari wa kujitolea wa Kiafrika Kusini wakaletwa Afrika Mashariki, na Jenerali Jan Smuts akapewa amri ya jeshi lote. Morkel alikuwamo, akiwa askari wa kawaida wa farasi katika kikosi cha upelelezi chini ya Jenerali Jacob van Deventer. Huyu van Deventer alikuwa jitu la miraba minne ambaye alipigwa risasi ya koo katika vita vya Makaburu na Waingereza, na tangu hapo sauti yake ikawa ya kukwaruza.

Smuts alipokwisha kuwasukuma Wajerumani kutoka Moshi na Kahe, alifikiri hivi: Kamanda von Lettow-Vorbeck anaishi kwa reli mbili, ya Tanga na ya Kati. Nikimshughulisha huku Usambara, van Deventer azunguke magharibi apite nyika, aende akaikate reli ya Kati. Ndiyo maana mwanzoni mwa Aprili 1916 wapanda farasi wakaondoka Arusha kuelekea Kondoa Irangi, na kutoka hapo shabaha ikiwa Dodoma. Mtu aliyesoma ramani ofisini angesema mpango ni mzuri. Mkulima yeyote wa Kondoa angemwambia kwamba mwezi wa Aprili haufai.

Waliiingia Kondoa tarehe 19 Aprili. Mvua za masika zikafunga nyuma yao. Magari yakazama katika tope jeusi, ng'ombe wa kukokota wakafa, na mbung'o wakawamaliza farasi. Jeshi lililosifiwa kwa mbio likajikuta limekaa chini, likiwa na njaa, limelowa, mbali na ghala lake kwa kilomita zaidi ya 200. Lettow-Vorbeck kwa upande wake akawapakia askari wake katika treni ya reli hii hii ya Kati, akawateremsha Dodoma, wakatembea hadi Kondoa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei wakashambulia. Walirudishwa nyuma kwa hasara, lakini hawakuondoka. Wakabaki milimani wakitazamana na adui mwenye wagonjwa wengi kuliko majeruhi.

Tarehe 15 Mei 1916 Jackie Morkel akafa, umri wake miaka 25. Si kwa risasi. Alikufa kwa kuhara damu.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu ya jinsi lilivyo dogo. Mtu huyu alizoezwa tangu utoto kukimbia, kugongwa na kuinuka tena. Watu kumi na watano wa Uingereza walishindwa kumzuia mbele ya maelfu ya watazamaji. Akaja kuzuiwa na maji machafu, chakula kibovu na ukosefu wa dawa. Mwezi mmoja na siku tano baada yake, mwenzake wa timu ile ile, Gerald Thompson, mshambuliaji aliyecheza mechi za Scotland, Ireland na Wales, aliuawa katika mapigano ya Kangata, huko Handeni. Poulton, yule Mwingereza wa Twickenham, alikuwa ametangulia: alipigwa risasi Ubelgiji mwezi Mei 1915. Katika waliopata trai katika mechi ile ya Januari 1913 hakubaki hata mmoja, maana trai zilikuwa mbili tu. Gerhard Morkel alinusurika. Mwaka 1921 alikwenda New Zealand na timu ya taifa, safari hiyo akiwa bila ndugu yake.

Sasa nakuomba tugeuke tutazame nyuma ya farasi wale. Mvua ilipoyashinda magari, nani aliyefikisha unga na risasi Kondoa? Waliletwa wapagazi, wakavibeba kichwani, katika tope lile lile. Biskuti ambayo Morkel alikula siku zake za mwisho, kama aliipata, huenda ilipita katika kichwa cha mtu. Na hapo ndipo habari hii inaporudi nyumbani kwetu, Unyamwezi.

Upagazi kwa Mnyamwezi wa karne ya 19 haukuwa utumwa wala aibu, ijapokuwa vitabu vingine vya wageni vimeandika hivyo. Ilikuwa kazi ya kujitakia, yenye mapatano na ujira. Maelfu ya vijana walishuka pwani kila kiangazi, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, mwendo wa kama kilomita 800, wakibeba pembe za ndovu za ratili 60 au 70 na vitu vyao wenyewe juu yake. Mbele alikwenda kirangozi na vazi lake la kujionyesha, akijua visima, vijiji na bei ya kupita katika kila nchi. Posho ikipunguzwa waliweka mizigo chini, na mwenye msafara, awe Mwarabu au Mzungu, alilazimika kuketi na kuzungumza nao. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alikuwa mtu mwingine kijijini. Alikuwa ameiona bahari, alikuwa na nguo na jembe la kuolea. Kwa maneno mengine, naye alikuwa na sifa zake za uwanjani. Walikuwako waliojulikana kwa kubeba pembe ambayo wengine waliikimbia, na waliojulikana kwa mwendo. Habari zao ziliimbwa tu, hazikuandikwa gazetini.

Reli iliiua kazi hiyo. Mwaka 1912 treni iliposimama Tabora, safari ya miezi miwili au mitatu kwenda pwani ikawa ya siku chache. Mwaka 1914 ilipofika Kigoma, hata njia ya Ujiji haikuhitaji tena vichwa vya watu. Wako waliosikitika kupoteza riziki, lakini mabega yalipumzika. Yalipumzika miezi michache tu. Mwezi Agosti vita vikaingia, na mzigo ukarudi kichwani, safari hii bila mapatano.

Wajerumani walichukua wapagazi kwa maelfu. Kisha majeshi ya Wabelgiji yakavuka kutoka Kongo. Waliichukua Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, wakafuata reli kuja mashariki huku Wajerumani wakivunja madaraja mbele yao. Mwezi Septemba walipigana Usoke, wakapigana Itaga, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Waingereza waliokuwa wakishuka kutoka Mwanza walichelewa. Waliobeba mizigo ya Wabelgiji walikuwa watu wa Kongo, na kila walipopita waliongeza wenyeji. Mwaka 1917 Waingereza nao walitangaza kukamata wapagazi kwa wingi katika nchi walizokwisha kuziteka. Ndugu yangu, unapokwenda kununua nguo Kariakoo, Dar es Salaam, unatamka jina la kikosi kile bila kujua: palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, na Waswahili walilifupisha jina la Kiingereza kadiri ulimi ulivyoweza.

Wapagazi hao walikufa kwa nini? Wachache kwa risasi. Wengi walikufa kwa kuhara damu, ugonjwa ule ule wa Morkel. Madaktari wa jeshi walieleza sababu baadaye: watu waliozoea mtama, ndizi au viazi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakauchemsha haraka njiani kwa maji waliyoyakuta, wakalala chini kwenye mvua na blanketi moja. Matumbo hayakustahimili. Upande wa Waingereza peke yake, waliokufa wanakadiriwa kupita 95,000. Upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa kwa namna ya kutegemeka.

Basi tazama tofauti. Juu ya Jackie Morkel tunajua siku aliyozaliwa, siku aliyokufa, nafasi aliyocheza, trai alizofunga na ni dhidi ya nani. Hili si kosa lake. Raga ni mchezo wa watu wanaoweka kumbukumbu, na jeshi lililomwajiri liliweka daftari la askari wake Wazungu kwa uangalifu. Juu ya mpagazi aliyekufa wiki ile ile kwenye njia ile ile, mara nyingi hakuna hata jina. Dar es Salaam ipo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, na maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini kwa jumla, kama mtu anavyotaja mvua au mavuno. Mwaka 1968 makaburi ya vita yaliyokuwa Ocean Road yalihamishwa kupisha barabara, yakapelekwa kwenye makaburi mapya ya vita kando ya barabara ya Bagamoyo, na baadaye yakaletwa mengine kutoka mikoani. Wengi wa waliolala pale wana jiwe na jina. Mpagazi wa Unyamwezi aliachwa alipoangukia.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilitoa ripoti juu ya jambo hili. Ilikiri kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliofia upande wa Uingereza katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Mimi si mwepesi wa kushangilia radhi inayokuja baada ya miaka mia. Lakini lipo jambo lililofuata ambalo nalipenda. Mwezi Januari 2025, katika bustani kongwe ya Cape Town, si mbali na viwanja alivyochezea Morkel, ulizinduliwa ukumbusho wa zaidi ya Waafrika Kusini weusi 1,700 waliofanya kazi za kubeba, kuendesha mikokoteni na kuchimba barabara, wakafia katika vita hivyo barani Afrika, baadhi yao huku kwetu. Kila mmoja ana nguzo yake ya mbao, na juu yake jina lake. Majina yalikuwa yamelala katika makabrasha ya jeshi kwa zaidi ya karne; alihitajika tu mtu wa kuyafungua.

Sisi makabrasha ya namna hiyo hatuna mengi. Mjumbe wa mtemi alipiga mbiu, vijana wakakusanywa, karani akaandika idadi. Tulicho nacho ni desturi yetu ya kumpa mtoto jina la babu. Katika vijiji kuanzia Usoke hadi Kaliua wapo watu wanaoitwa kwa majina ya waliochukuliwa mwaka 1916 na 1917 wasirudi, na wanajua kwamba wameitwa hivyo kwa sababu hiyo, ingawa hakuna aliyewahi kuwauliza. Walimu wa historia wa shule za sekondari za wilaya hii wana wanafunzi wenye daftari na kalamu, na likizo ndefu iko karibu. Bibi wa miaka tisini hakumwona yule mpagazi, lakini alilelewa na waliomsubiri.